Ng'ambo ya Ghuba ya Santander

Kwenye hafla za kutoa zawadi za gofu nchini Kenya, hotuba ni nyingi na mfano ni mmoja. Mgeni wa heshima akishamaliza kuwashukuru wafadhili, huwageukia makedi, wabeba mikoba ya wachezaji, waliosimama nyuma ya hema na kuwaambia wasikate tamaa, kwa maana Severiano Ballesteros naye alikuwa kedi, mtoto wa mkulima, na dunia ikampigia saluti. Makedi hupiga makofi. Kesho yake alfajiri wako langoni tena, wanangoja kuitwa.

Si kwamba tumeuazima mfano huo bila haki. Ballesteros alishinda Kenya Open mwaka 1978 pale Muthaiga, uwanja ambao mashindano hayo yamezoea kuchezwa tangu yalipoanzishwa mwaka 1967, na jina lake limo kwenye orodha ya washindi kwa kila anayetaka kusoma. Lakini nimeisikia hotuba ile hadi ikaanza kunikera bila kujua kwa nini. Kazi iliponipeleka Bilbao, kaskazini mwa Hispania, nikaona nisirudi Nairobi kabla sijakiona kijiji chenyewe.

Kutoka Bilbao hadi Santander ni mwendo wa basi wa kama saa moja na nusu, bahari ikiwa kulia, milima kushoto, na ng'ombe kila unapotupa jicho. Nilikuwa na picha ya Hispania ya jua kali na vumbi jekundu. Kantabria haina habari na jua hilo. Kulikuwa na manyunyu tangu asubuhi, majani yalikuwa mabichi kama ya Limuru, na dereva alikuwa amevaa sweta.

Santander ni mji wa pesa, na haufichi. Benki inayobeba jina lake ilianzishwa hapa mwaka 1857, na leo ina matawi hadi Amerika Kusini. Pembeni mwa gati limesimama jengo la sanaa, Centro Botín, lililochorwa na Renzo Piano na kufunguliwa mwaka 2017. Limenyanyuliwa juu ya nguzo, nusu yake ikining'inia juu ya maji. Botín ni ukoo ulioiongoza benki hiyo kizazi baada ya kizazi. Nautaja kwa sababu mwaka 1988 yule kedi wa zamani wa ng'ambo alimwoa binti wa ukoo huo, Carmen Botín. Ndoa ilivunjika miaka mingi baadaye, lakini hilo ni jambo lao. La kwetu ni kwamba uwanja wa gofu wa Pedreña ulijengwa kwa ajili ya watu wa upande huu wa ghuba, wenye benki, meli na mapumziko ya kiangazi, na walivuka maji kwenda kuucheza. Watu wa upande ule walibeba mikoba.

Mashua ya abiria huondoka gatini kuelekea Pedreña kisha Somo. Abiria wengi walikuwa vijana wenye mbao za kuteleza juu ya mawimbi, maana Somo ina ufuo wa mawimbi makubwa. Mvuko haufiki nusu saa. Ingekuwa kivuko cha Likoni, Mombasa, muda huo ungekuwa bado unasukumwa langoni. Kushoto kwetu ulitanda ulimi mrefu wa mchanga unaoitwa El Puntal, na mbele kidogo vilima vya Pedreña vikaanza kujitokeza. Juu ya kilima kimoja niliona misonobari imejipanga kwa adabu ambayo miti haina ikiachwa peke yake. Anayeujua mchezo huu huitambua gofu kwa mbali namna hiyo: miti iliyopangwa, na nyasi zenye rangi moja mno.

Maji yalikuwa yamekupwa. Kwenye ghuba hii maji yakipwa hupwa kwelikweli, na mahali palipokuwa bahari asubuhi hugeuka tambarare ya tope na mchanga mgumu. Watu kadhaa walikuwa wameinama huko mbali, ndoo kando, wakichimba kombe. Pedreña imeishi kwa kombe hizo, kwa ng'ombe, na kwa makasia: kijiji hiki ni maarufu kwa mashindano ya kupiga kasia, na baba yake Ballesteros, Baldomero, alikuwa mkulima mwenye ng'ombe wachache na pia mpiga kasia aliyesifika. Nilikuwa nimeshasoma hayo yote. Kitu ambacho sikuwa nimekielewa hadi niliposhuka gatini ni jinsi vitu hivi vilivyo karibu karibu. Ufuo, malisho, nyumba, ukuta wa klabu: mtoto wa miaka minane angevizunguka vyote kabla mama yake hajagundua kuwa hayupo.

Nilipanda barabara hadi lango la Real Golf de Pedreña. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1928, kazi ya mchoraji Mwingereza Harry Colt, ambaye viwanja vyake huonekana vipole hadi siku unapovicheza. Miti imebana pande zote mbili, na kutoka sehemu za juu unaiona ghuba nzima na Santander ng'ambo, ikimeta hata kwenye mawingu. Kijana wa mapokezi alikuwa mstaarabu. Alipojua natoka Kenya alisema, "Ah, elfu moja mia tisa sabini na nane," bila kutazama popote. Nikamwonea wivu: kwetu ni wangapi wanaoikumbuka tarehe hiyo?

Zamani makedi wa hapa hawakuruhusiwa kucheza uwanjani isipokuwa mara moja kwa mwaka, siku ya mashindano yao wenyewe. Siku nyingine zote walipaswa kubeba, kutafuta mipira na kunyamaza. Ballesteros alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957, mdogo kabisa kwa kaka zake, akaanza kubeba mikoba akiwa mtoto. Baadaye alisimulia jinsi alivyokuwa akiruka ukuta jioni, watu wakishaondoka, na usiku wa mbalamwezi, akicheza mashimo machache gizani na kuujua mpira umekwenda wapi kwa kusikiliza ulivyogongwa. Alipokosa uwanja alishuka ufuoni. Fimbo yake ilikuwa moja, ya chuma namba tatu, aliyopewa na kaka yake Manuel.

Hapa inafaa nimshike mkono msomaji asiyecheza. Mchezaji wa gofu anaruhusiwa fimbo 14, na kila moja ina kazi yake, kwa sababu uso wa kila moja umelazwa kwa pembe tofauti. Ya kutolea mpira kwenye mchanga imelala sana, hivyo huunyanyua mpira kwa urahisi. Namba tatu imesimama, uso wake umelala kama nyuzi 22 tu, mpini mrefu, kichwa chembamba. Imetengenezwa kupiga mbali na chini. Siku hizi hata wachezaji wa kulipwa wengi wameitoa kwenye mikoba yao kwa ukaidi wake.

Kwenye baa moja karibu na gati niliiona moja ukutani, juu ya chupa. Haikuwa ya Ballesteros. Mwenye baa alicheka nilipouliza. Kila mgeni huuliza hivyo. Ilikuwa ya babake, aliyekuwa kedi enzi hizo, na alinishushia niishike. Chuma kilikuwa kimelika kutu kingoni, na katikati ya uso mistari ilikuwa imefutika, pakabaki doa laini lenye ukubwa wa sarafu, mahali mpira ulipogonga miaka nenda miaka rudi. Mshiko ulikuwa umefungwa utepe mweusi wa fundi umeme. Nikaiweka sakafuni, nikautazama ule uso uliosimama wima, nikajaribu kufikiria mpira umekaa kwenye mchanga wenye unyevu pale ufuoni na mbele yako kuna kilima kidogo cha kuruka. Kwa fimbo ya kawaida ya mchanga hilo ni zoezi. Kwa namba tatu lazima uulaze uso mwenyewe kwa viganja, ushushe mikono hadi karibu na magoti, ukate chini ya mpira kwa kasi ambayo ukikosea kidogo tu, mpira unakwenda baharini. Na pale ambapo hata hilo haliwezekani, unaacha kuunyanyua kabisa: unauviringisha, unausoma mchanga ulivyo, unatafuta mfereji.

Nimemaliza aya nzima kwenye kipande cha chuma kwa sababu nadhani humo ndimo ilimo kazi yote ya baadaye. Mwezi Julai 1976, Royal Birkdale, Uingereza. Ulikuwa mwaka wa ukame, nyasi zimekauka na kuwa kahawia. Kijana wa miaka 19 ambaye Kiingereza chake hakikufika mbali aliongoza British Open baada ya siku tatu, mikwaju miwili mbele ya Mmarekani Johnny Miller. Siku ya mwisho alizidiwa. Miller alipiga 66, yeye 74, na Miller akashinda kwa mikwaju 6. Lakini kwenye shimo la 18, mpira wa Ballesteros ulikuwa kushoto mwa grini, eneo la nyasi fupi lenye bendera, na kati yake na bendera hiyo palikuwa na mashimo mawili ya mchanga. Kila mtu alitarajia aurushe juu, ndivyo vitabu vinavyofundisha. Yeye aliuviringisha katikati ya mashimo yale mawili, kwenye ujia mwembamba wa ardhi ngumu, ukaenda ukasimama karibu na shimo. Akamalizia mkwaju mmoja, akawa wa pili sawa na Jack Nicklaus. Waingereza waliokuwepo wakaona wameshuhudia muujiza. Ukiwa umesimama ufuoni Pedreña maji yakiwa yamekupwa, unaona tu kijana aliyefanya alichozoea.

Mzee mmoja aliyekuwa peke yake kwenye meza ya dirishani alikuwa akinisikiliza nikihangaika na Kihispania changu. Aliponisikia nikitaja Kenya akasema, kwa sauti ya kuagiza, "Jambo rafiki! Pole pole!" Ikawa ni mvuvi mstaafu. Alikuwa amefanya kazi kwenye meli za jodari za Bermeo, zile za Wabaski zinazovua Bahari ya Hindi, na kwa miaka kadhaa Mombasa na Victoria ya Ushelisheli zilikuwa bandari zake kuliko Santander. Aliikumbuka Kilindini kwa joto na kwa samosa. Nikamwita mzee, akalipenda neno hilo akalirudia mara kadhaa. Tukala rabas, ngisi wa kukaanga wanaoliwa hapa Jumapili kabla ya chakula cha mchana, na kombe za ghuba zilizopikwa kwa kitunguu saumu.

Nikamwambia habari za hotuba zetu. Alitoka kapa, kisha akakasirika kidogo.

"Maskini, maskini," alisema. "Wote tulikuwa maskini. Mimi nilikuwa maskini. Nilipata meli. Yeye alikuwa na Sota."

Alimaanisha Ramón Sota, kaka wa mama yake Ballesteros. Hapo ndipo nilipotambua kitu kilichokuwa kikinikera miaka yote. Sota alikuwa bingwa wa Hispania, mchezaji wa kulipwa aliyezunguka dunia, na mwaka 1965 alimaliza katika nafasi ya sita kwenye Masters pale Augusta, Marekani. Mpwa wake alikuwa na miaka 8. Kaka watatu wa kijana huyu, Baldomero, Manuel na Vicente, wote walikuwa wachezaji wa kulipwa. Manuel alikuwa tayari anacheza mashindano ya Ulaya mdogo wake alipoanza, akamwonyesha treni ipi ya kupanda, hoteli ipi isiyowanyonya, fomu ipi ya kujaza na lini. Mama alifua, baba aliuza maziwa, naam. Lakini mezani kwao jina la Augusta halikuwa hadithi. Palikuwa na mjomba aliyetoka huko.

Hayo hayamo kwenye hotuba za Muthaiga. Mgeni wa heshima huchukua nusu ya habari, ile inayomtaka kedi awe na subira, akaiacha nusu ya pili, ile ambayo ingemlazimu yeye mwenyewe kuingia mfukoni.

Mwanzo wenyewe ulikuwa mbaya, jambo linalonifurahisha kila nikilisoma. Ballesteros aligeuka mchezaji wa kulipwa mapema mwaka 1974, hajatimiza miaka 17. Shindano lake la kwanza lilikuwa ubingwa wa wachezaji wa kulipwa wa Hispania, Sant Cugat, karibu na Barcelona. Alikwenda kushinda, maana hakujua kwenda kwa sababu nyingine. Akawa wa 20. Inasimuliwa kwamba alilia. Mwaka uliofuata alikwenda British Open kwa mara ya kwanza, Carnoustie, akatolewa kwenye mchujo.

Wasiofuatilia mchezo huu hudhani mchezaji wa kulipwa ni mtu anayelipwa. La, ni mtu anayelipa. Analipa nauli, hoteli, ada ya kujiandikisha, kedi wake, chakula. Alhamisi na Ijumaa anacheza na wenzake zaidi ya mia; Ijumaa jioni karibu nusu yao huondolewa, na aliyeondolewa kwa kawaida hapati senti. Jumapili anaweza kuwa tayari yuko uwanja wa ndege na deni lake. Mfumo huo ulikuwepo mwaka 1974 na upo leo. Kijana anayeanza anahitaji kipaji, hilo nakubali, ila kipaji hakimsaidii kitu Ijumaa jioni. Kinachomsaidia ni mtu wa kumwambia, "Haya, wiki ijayo tuko Ureno, nauli ninayo." Ballesteros aliruhusiwa kufeli kwa muda wa miaka miwili na nusu, kisha Birkdale ikaja. Mwezi uliofuata alishinda Dutch Open, ushindi wake wa kwanza kwenye mzunguko wa Ulaya, na mwisho wa mwaka alikuwa wa kwanza kwa mapato Ulaya nzima. Akarudia mwaka 1977, akarudia 1978.

Mwaka huo wa 1978 ndio uliomleta kwetu. Enzi hizo wachezaji wa Ulaya walikuwa na desturi ya kuikimbia baridi na kuja Afrika mwanzoni mwa mwaka: Kenya, Zambia, Nigeria. Wakaiita safari, neno letu, bila hata kutuomba. Nigeria, pale Ikoyi, grini zilikuwa za mchanga uliochanganywa na mafuta, kahawia tupu, na Mzungu aliyezoea nyasi za Surrey alijifunza upya kila kitu. Muthaiga ilikuwa na nyasi, lakini nyasi za Nairobi zina tabia zake, na kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,600 mpira huruka mbali kuliko ulivyozoea. Kwa kijana anayetafuta jina, ilikuwa shule nzuri. Ian Woosnam alishinda Kenya mwaka 1986, miaka mitano kabla ya Masters yake. Trevor Immelman wa Afrika Kusini alishinda mwaka 2000, akavaa koti la kijani la Augusta mwaka 2008.

Ballesteros mwenyewe, mwaka huohuo wa Muthaiga, alishinda Greensboro, North Carolina, mwezi Aprili, siku chache kabla ya kutimiza miaka 21. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza kwenye mzunguko wa Marekani. Sasa tazama. Mwaka 2017 Kenya Open ilichukuliwa pale Muthaiga na kijana wa Kiingereza, Aaron Rai, mzaliwa wa Wolverhampton, ambaye mama yake alihamia Uingereza kutoka Kenya. Na ushindi wake wa kwanza kwenye mzunguko wa Marekani? Greensboro, mwaka 2024, kwenye mashindano yaleyale yaliyobadilishwa jina tu. Mimi si mtu wa ishara, lakini nilimwambia yule mvuvi, naye akaniangalia kama anayesema ningetangulia kumweleza hilo kabla hatujaagiza ngisi.

Rai huvaa glavu mbili badala ya moja, na huzivisha fimbo zake za chuma vifuniko, jambo ambalo wachezaji wa kulipwa hulicheka. Ni mazoea ya utotoni: baba yake alimnunulia fimbo za bei kubwa kuliko uwezo wa nyumba, akawa anazisafisha moja moja kila walipomaliza mazoezi, na mtoto akaona ni heshima kuzifunika. Anaendelea hadi leo, akiwa na pesa za kununua kiwanda. Nikaweka utepe mweusi wa fimbo ile ya baa na vifuniko vya Rai kwenye ukurasa mmoja wa daftari langu. Ballesteros alitoka zizini, Rai mtaa wa viwanda wa Uingereza, na wote wawili walikuwa na mtu wa nyumbani aliyegeuza maisha yake kuwa sehemu ya mkoba.

"Na kwenu?" mzee akauliza. "Nani ameshinda la kwenu?"

Hakuna. Tangu 1967 hakuna Mkenya aliyelitwaa. Aliyekaribia kabisa ni Jacob Okello, mwaka 1998, aliyelingana na Ricardo González wa Argentina baada ya siku nne na kushindwa kwenye mashimo ya nyongeza. Nilimweleza hayo. Nikamweleza pia kwamba vijana wetu huipata wiki moja kubwa kwa mwaka, ile ya Kenya Open, ambapo hupewa nafasi kama wenyeji. Wengi hutolewa Ijumaa, na Jumatatu wageni wanapanda ndege kwenda shindano linalofuata huku wetu wakirudi kuwafundisha watoto wa wanachama. Magazeti, langu likiwemo, huandika kwamba wamekosa uzoefu. Uzoefu wa wiki moja utaupata wapi?

Hili la "uzoefu" nimeliandika mwenyewe kwenye vichwa vya habari, na nitaendelea kuliandika kwa sababu nafasi ya kichwa cha habari haitoshi kueleza nauli.

Baada ya chakula mzee alinisindikiza hadi karibu na nyumba ya Ballesteros. Ipo juu, nyuma ya ukuta na miti, na hatukusogea zaidi ya barabarani. Ni makazi ya watu. Ballesteros alifariki tarehe 7 Mei 2011, akiwa na miaka 54, baada ya kuugua uvimbe wa ubongo, na majivu yake yako humo bustanini. Mwaka 2015 uwanja wa ndege wa Santander ulipewa jina lake. Mzee alikuwa na maoni kuhusu hilo pia. Kwa maelezo yake, Waingereza ndio waliompenda kwanza, Hispania ikachelewa. Nchi ya mpira wa miguu, ilimwona kama mtumishi aliyejifunza mchezo wa mabwana na kuanza kuwashinda. Sina namna ya kulipima hilo, ila nimewasikia Wahispania wengi wakilisema.

Yaliyofuata Muthaiga na Greensboro yanajulikana. Julai 1979, Royal Lytham, siku ya mwisho, kwenye shimo la 16 mpira wake ulienda kulia hadi kwenye maegesho ya muda, katikati ya magari. Akapewa nafasi ya kuudondosha, akaupiga hadi kwenye grini, akapata berdi, mkwaju mmoja chini ya kiwango cha shimo, akashinda British Open akiwa na miaka 22, wa kwanza kutoka bara la Ulaya tangu Mfaransa Arnaud Massy mwaka 1907. Mwamerika mmoja mmoja alinung'unika kwamba bingwa hawezi kuwa mtu anayecheza kutoka maegeshoni. Aprili 1980 akashinda Masters, Mzungu wa kwanza wa Ulaya kufanya hivyo, na mdogo kuliko wote waliowahi kuishinda hadi Tiger Woods alipokuja mwaka 1997. Vitabu huanzia hapo. Mimi naona hapo ndipo sehemu ngumu ilikuwa imeshakwisha.

Wakati tunateremka kuelekea gatini, mzee alitaka nijue jambo moja ambalo, alivyosema, waandishi hulisahau. Desemba 1976, miezi michache baada ya Birkdale, Hispania ilipeleka wachezaji wawili kwenye Kombe la Dunia la gofu, Mission Hills, karibu na Palm Springs, California. Mmoja alikuwa Ballesteros. Wa pili alikuwa Manuel Piñero, kutoka familia ya kimaskini ya Badajoz, kule kusini-magharibi, ambako watu walihama kwa maelfu kutafuta kazi Madrid. Naye alianza kwa kubeba mikoba ya wengine. Wakaishinda Marekani nyumbani kwake, na lilikuwa kombe la kwanza la aina hiyo kwa Hispania.

"Piñero hakuwa na mjomba," mzee akasema.

Nikamuuliza, basi alifikaje?

Alifikiri kwa muda. Mashua ilikuwa imeshaonekana, ikitokea Somo na vijana wake na mbao zao. Akasema hajui, kwamba Badajoz ni mbali, kwamba ningepaswa kwenda kuuliza huko, na kwamba basi la kutoka Santander hadi huko linachukua siku nzima.